Bi Zimekwisha Anatoka Dirishani

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, saa kumi alasiri, muuza tiketi mkuu wa ukumbi wetu wa maonyesho anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Meneja ameniagiza niandike wasifu wake kwa lugha ya heshima na bila utani. Nimejitahidi. Mimi ndiye mzee wa mlangoni, mwenye kuchana tiketi. Miaka ishirini na sita nimechana alizouza yeye, na hajawahi kunipa salamu kabla ya kukagua kama nimechana palepale panapotakiwa.

Jina lake limo kwenye faili. Mitaani wanamwita Bi Zimekwisha, maana mchezo ukipendwa, hilo ndilo neno ambalo watu wengi walilisikia kutoka kwake. Alilitamka kwa sauti ileile, awe anamwambia mwanafunzi au mkubwa aliyekuja na dereva na tumbo lake.

Alianza kama mfagizi wa ukumbi. Chini ya viti aliokota miavuli, kiatu kimoja cha bwana harusi, na seti mbili za meno ya bandia ambazo wenyewe walikuja kuzidai siku moja. Nani aliondoka na ya nani, hatukuuliza. Mwaka wake wa tatu, muuza tiketi wa zamani alikutwa na tiketi za safu nzima ya mbele ndani ya soksi, akaenda zake na soksi zake, na mfagizi akapewa dirisha.

Hapo ndipo walanguzi walipokoma. Bi Zimekwisha hasahau uso. Mlanguzi mmoja alinunua tiketi nne, akarudi amevaa kofia, akarudi tena na miwani. Mara ya tatu alikuja amejitanda mtandio wa mkewe. Bi Zimekwisha alimtazama kwa upole, akamwambia mtandio umempendeza, ila arudi nyumbani kabla mwenyewe hajautafuta. Hata waliokuwa wakijishikia nafasi kwa kuacha ndala kwenye foleni usiku kucha, wao wakiwa vitandani, walimjua. Kila asubuhi alizikusanya ndala zote akazitia kwenye gunia. Nimeona watu wazima, wenye kazi zao, wakitembea peku hadi kituo cha basi.

Lakini hakumdanganya mtu. Kiti namba kumi na moja, safu ya saba, kiko nyuma ya nguzo, na kila aliyekitaka aliambiwa. Bwana mmoja alikinunua kila mwezi makusudi, akalala hapo kwa raha zake, akaamka kupiga makofi.

Mchezo ulipoanza, alifunga dirisha akaingia ukumbini na kigoda chake cha mbao kisicho na mgongo. Watazamaji wetu mnawajua. Kuna wanaopokea simu na kusema wako kikaoni, kuna wanaofungua karanga punje moja moja, na kuna wale wanaomwonya mwigizaji kwamba mwizi yuko nyuma ya mlango. Bi Zimekwisha hakumkemea hata mmoja. Alibeba kigoda, akakiweka kando ya mwenye kelele, akaketi na kutazama jukwaa, kimya kama hakuna kilichotokea. Sisi wafanyakazi tunaita kuketiwa. Sijaona aliyeketiwa akamaliza sentensi yake.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo meneja alisema niliruke. Mwenyewe Bi Zimekwisha ameniambia, "Andika, lakini usitie chumvi." Sijatia. Iliyomo inatosha.

Miaka tisa iliyopita tulikuwa na ule mchezo wa kuchekesha wa ndugu wawili waliomchumbia binti wa nyumba moja bila kuambiana. Tiketi ziliisha siku moja. Dada yake, mkubwa wake wa kuzaliwa tumbo moja, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alimtumia ujumbe amwekee tiketi nne, kwani amepata ugeni wa wakwe. Alijibiwa kwamba foleni inaanza saa mbili asubuhi. Dada akadhani ni mzaha wa mdogo mtu. Siku ya onyesho akatokea na wakwe watatu, wamependeza, manukato yanatangulia. Akafika dirishani akitabasamu. Akaambiwa zimekwisha.

Mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka hapo. Mkwe mmoja alikohoa, mwingine akaanza kusoma tangazo la mwezi uliopita. Dada aligeuka akaondoka nao, na kwa miaka minane hakukanyaga nyumbani kwa mdogo wake. Salamu zilipita kwa watoto. Bi Zimekwisha hakuacha kuuza tiketi kwa haki, ila sikukuu zikifika, aliomba zamu ya kazi.

Mwaka jana mchezo ule ulirudishwa jukwaani. Siku ya mwisho, foleni ilizunguka jengo. Tiketi ziliisha mchana, na waliobaki wakatawanyika, isipokuwa watu wanne waliong'ang'ania dirishani. Wa kwanza mwalimu mstaafu, nyuma yake wachumba wawili, na nyuma yao Dada, na chupa yake ya chai, miguu imevimba.

Bi Zimekwisha alitundika kibao chake cha "Zimekwisha". Kisha akatoka nje na kigoda. Alisema kigoda si kiti cha ukumbi, hakina namba wala tiketi, kwa hiyo anaweza kumkarimu mtu mmoja. Nikajua anamtaka nani. Akampita Dada bila kumtazama, akaenda kwa mwalimu, wa kwanza kwenye mstari.

Akamnyooshea kigoda. Mwalimu akakigeuza kigoda, akakipapasa, akakifikiria. Nilitamani kumkanyaga. Mwishowe akasema, "Saa mbili bila mgongo? Mama, unataka kuniua." Bi Zimekwisha akamgeukia binti wa wale wachumba. Binti akamwambia mchumba wake, "Basi wewe nisubiri hapa nje." Kijana akanuna papo hapo. Wakavutana hapo, nikaona muda mrefu kuliko wa kesi mahakamani, hadi binti akasonya, akamshika mkono wakaondoka.

"Wewe mama," Bi Zimekwisha akasema, macho chini, "ndiye unayefuata."

"Mimi si mama," Dada akajibu. "Mimi ni dada yako. Lete hicho kigoda."

Laiti mambo yangeishia hapo. Pazia halijafunguka vizuri, Dada akaanza. "Usimwamini huyo! Ameshachumbia pale!" Watu wakacheka, kisha wakaguna, kisha wakaanza kugeuka. Bi Zimekwisha akasimama kando yake, kwani cha kuketia hana. Akamgusa bega. Dada akasema kwa sauti ya sokoni, "Niache, mwenzio anadanganywa!"

Akamtoa. Ndiyo, dada yake aliyemlea. Alimshika mkono akamtoa nje, na alipopita mlangoni kwangu uso wa Bi Zimekwisha ulikuwa umekauka. Nikajua miaka minane mingine inaanza.

Badala ya kurudi ndani kama ilivyo kazi yake, akaniambia, "Nishikie ukumbi." Akaketi kwenye ngazi, akamvuta Dada aketi, akaanza kumsimulia mchezo kutoka pale walipouacha. Mistari yote anayo kichwani. Alikuwa ndugu mkubwa, ndugu mdogo, baba wa binti, na binti mwenyewe kwa sauti nyembamba ambayo sikujua kama anayo. Dada akaongea na kila mmoja atakavyo. Akaonya, akalaani, akacheka mpaka akashika ukuta. Katikati akasema tu, "Wakwe walinicheka mwaka mzima." Mdogo wake akajibu, "Najua, Dada. Nisamehe." Kisha akaendelea na mchezo.

Mlango wa ukumbi ukafunguka, mtazamaji akachomoza kichwa. "Jamani, nyinyi watu wazima! Wengine tumelipa tusikilize!" Ni mara ya pekee katika miaka thelathini na mmoja Bi Zimekwisha kuombwa anyamaze, na aliomba radhi.

Bi Zimekwisha, tulitaka kukupa kadi ya kuingia bure maisha yako yote, ukasema kadi hizo ndizo zinazoharibu foleni. Sawa. Juzi, siku yako ya mapumziko, nilikuona nje kwenye mstari wa mchezo mpya, Dada mbele yako. Nikasikia akikuomba umshikie nafasi aende msalani, na wewe ukamwambia akirudi aanzie nyuma. Akaenda, akarudi, akaenda kusimama mkiani bila kununa. Nikakuona umemwangalia kidogo, ukaiacha nafasi yako ya sita, ukamfuata huko nyuma.

Kwa niaba ya wote waliofanya kazi nawe, na wote uliowanyima tiketi kwa haki, tunakushukuru. Nenda kwa afya na amani, ucheke kwa sauti utakayo. Tiketi za juzi ziliisha kabla yenu, nasikia mkarudi nyumbani kwa miguu mmeshikana mikono.