Kesi ya Shamba, Sehemu ya Mwisho

Siku ilipoingia sehemu ya mwisho ya mchezo wa video, benchi la kibarazani kwa Kinyozi lilijaa kabla chupa ya kahawa haijafunguliwa. Gundi, fundi viatu, aliyeitwa hivyo kwa sababu akikaa habanduki, alishaiwahi ncha ya ukutani. Mama Cherehani kaja na suruali ya mtu mapajani na sindano mdomoni. Kinyozi kaigeuza televisheni itazame nje, kamwacha mteja wake ndani kanyolewa nusu kichwa. Katikati, mahali pake pa siku zote, alikaa Mwalimu, mstaafu wa jiografia, akiomba kimoyomoyo umeme ukatike. Maana Kinyozi alikwisha tangaza kwa furaha: safari hii mchezo umekuja na maandishi ya Kiswahili.

Ukweli wenyewe ni huu, na tafadhali usiende kuusema pale. Mashine ya Kinyozi ya kuchezea ilinunuliwa mkononi mwa mtu, na sehemu zote tano za mwanzo za mchezo zilikuwa katika lugha ya mbali, herufi zake kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Siku ya kwanza waliona kijana mwenye nywele nyeupe akizozana na mzee wa joho jeusi. Gundi akauliza, “Mwalimu, wewe uliwahi kwenda semina kwao. Wanasemaje hawa?” Huko semina Mwalimu alijifunza kusalimu na kuulizia choo, basi. Angesema sijui, yangeisha. Lakini tangu astaafu hakuna aliyekuwa amemuuliza lolote, hata saa. Akasema, “Kijana anadai hati ya shamba. Huyo mzee ni baba mkwe wake.” Benchi zima likasogea karibu. Miaka ikapita, watu wakaicheza kesi ya shamba usiku na mchana, na kila palipotokea majibu ya kuchagua, Mwalimu ndiye aliyechagua. Alibahatisha, ila kwa uso wa mtu anayesahihisha mitihani.

— Leo hati inapatikana, — alianza Gundi. — Iko ndani ya joho la mkwe. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Haiwezi kuwa kwenye joho, — alisema Mama Cherehani, akitoa sindano mdomoni. — Nimelitazama lile joho sehemu tano nzima. Halina mfuko.

— Basi imeshonewa kwenye bitana.

— Bitana gani? Linapepea vile, lina bitana?

Gundi aliachana na joho, kwa kuheshimu fani ya mtu.

— Mimi nasema anayo Mjomba Bati, — alisema Kinyozi. Huyo ni yule pande la mtu aliyevaa chuma kitupu. — Sehemu ya tatu kaaga anakwenda msibani, hajarudi mpaka leo. Msiba gani huo?

— Msiba wa mbali, — alisema Gundi.

— Sehemu mbili nzima? Yule kaoa hukohuko. Kamwoa yule joka anayetema moto.

— Kwani joka ni jike? — aliuliza Mama Cherehani.

— Lina kope.

— Ahaa! — Gundi alipiga paja. — Sasa nimeelewa. Joka ndiye msajili wa ardhi. Kila mwenye shida lazima apite kwake, na kila anayepita anachomwa. Wewe uliwahi kwenda ofisi ya ardhi?

— Niliwahi.

— Hukuchomwa?

Kinyozi alijipapasa mfuko.

— Nilichomwa.

— Haya sasa. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani.

Siku nyingine Mwalimu angemuuliza hiyo methali imefuata nini kwa joka. Leo aliitazama kahawa yake tu. Aliogopa, na wala si aibu peke yake aliyoiogopa. Nyumbani kulikuwa na redio na kiti, na yeye hakutaka kukaa na redio.

Fundi Simu, dada aliyepanga chumba cha jirani juzijuzi, aliitwa kuja kuunganisha. Akaamkia shikamoo, akachutama mbele ya televisheni, akawa anabonyeza huku akiwasikiliza kwa mshangao.

— Mnaongelea mchezo gani, jamani?

— Huuhuu. Tumeucheza wote, tangu mwanzo.

— Hata mimi, — alisema, akafungua orodha ya wapiganaji wao. — Eh! Mbona yule wa chuma mlimfukuza?

— Yuko msibani, — alisema Kinyozi.

— Hapana, kaka. Pale alikuwa anaomba msamaha. Ukichagua jibu la pili unamfukuza. Mlichagua la pili kwa nini?

Mama Cherehani alirudisha sindano mdomoni. Mwalimu aliinama kuokota kitu ambacho hakikuanguka.

— Wewe uliucheza kwa lugha gani? — aliuliza Gundi mwishowe.

— Kiingereza.

— Ndiyo hapo. Wewe umesoma tafsiri. Sisi tunakunywa kisimani.

Dada wa watu alifungua mdomo, akamtazama Mwalimu, akaufunga. Akabonyeza. Mvi, yule kijana wao wa nywele nyeupe, akatokea mlimani, mkwe mbele yake, na chini yao maneno ya Kiswahili safi. Mama Cherehani akayasoma kwa sauti:

— “Ewe Mlinzi wa Nuru, saa ya hatima imewadia.” — Akasubiri. — “Nuru iliyo ndani yako ndiyo ufunguo wa milele.”

Shamba halikutajwa. Mwalimu aliweka kikombe chini.

— Jamani, nina jambo la kuwaambia. Kuhusu hilo shamba.

— Nuru, nuru, — Mama Cherehani aliguna. — Kanzu yote nakshi, mtu hana pa kupitisha mkono.

— Aliyeandika haya hajawahi kuwa na mkwe, — alisema Kinyozi.

— Nisikilizeni. Mimi ile lugha…

— Mwalimu. — Gundi alimgeukia. — Siku ile Bati analia, macho ninayo. Mtu haagi msiba kwa kupiga magoti. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kujua shamba litaishia wapi. Na bado nataka.

Mwalimu alimtazama Kinyozi. Kinyozi akajifanya anakung'uta nywele kwenye kitana. Alimtazama Mama Cherehani, naye kainamia pindo la suruali.

— Kumbe mlijua?

— Bonyeza, dada, — alisema Gundi.

Mzee wa joho akanyanyua mkono, akanguruma, maneno yakajipanga chini yake, makubwa, hata mteja wa nusu kichwa, aliyechungulia mlangoni, aliyasoma. Mwalimu akayaonyesha kwa kidole.

— Lakini si hayo hapo? Yamekwisha andikwa. Kiswahili hicho.

— Tunaona ni Kiswahili, — alisema Gundi, akimsogezea kahawa. — Tunakuuliza wewe: anasemaje?