Bibi Polepole na Mkanda Uliokimbia

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyekuwa fundi wa vyerehani na mpiga ngoma. Narudia, kwa ambaye ndiyo kwanza anafungua redio: fundi wa vyerehani na mpiga ngoma. Vijana walimwita Bibi Polepole, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alifariki wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sabini na minne.

Hapa mezani kwangu kuna karatasi nne, zimepigwa chapa na zina muhuri. Zimeletwa na kamati ya ukumbi alimokuwa akipiga ngoma. Wameomba nizisome neno kwa neno. Nimezisoma peke yangu, mara mbili, na ninyi nitawasomea sentensi moja tu: "Marehemu alikuwa nguzo ya ukumbi wetu." Basi, inatosha. Nguzo waliyoing'oa wenyewe miaka tisa iliyopita, wakaiegemeza ukutani. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sijui wangesema nini juu ya mtu anayejisifia tembo la mgema aliyemfukuza.

Tuanzie karakana. Ilikuwa chumba kimoja mwisho wa korido, kati ya kinyozi na mchonga funguo. Ukiingia unapokewa na harufu ya mafuta ya mashine. Vyerehani vimepangwa chini, kimoja hakina gurudumu, kingine hakina mguu. Chini ya meza, ndani ya gunia safi, ilikaa dholaki, ile ngoma ya pande mbili inayolazwa magotini. Mchana mama alikuwa fundi, Alhamisi jioni mpiga ngoma. Bintiye anasema mama hakuwa na haja ya kukifungua cherehani ili ajue kinaumwa nini. Aliinamisha sikio, akakanyaga mara tatu, akasema: hiki kinakaza, hiki kinaruka, hiki kinakimbia. Hakukosea.

Ule ukumbi ni wa wafuasi wa mwalimu mmoja wa kiroho, Mhindu, guru wao, ambaye aliaga dunia zamani. Kila Alhamisi huimba nyimbo za kumsifu, wenyewe huziita bhajani. Huizunguka picha yake wakicheza, miguu peku, makofi yakipokezana na ngoma. Hawachezi ili watazamwe. Nisahihishe: zamani hawakucheza ili watazamwe.

Guru mwenyewe alifika pale mara moja tu. Mama yetu alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, ndiyo kwanza amerithi ngoma ya baba yake, na siku hiyo akapewa yeye apige. Vidole vilitaka kukimbia. Kwenye mzunguko alikuwemo dada yake mkubwa, mwenye nyonga mbovu tangu utotoni, akiburuta mguu nyuma ya wenzake. Guru, mzee mwembamba, alicheza naye bega kwa bega. Wimbo ulipokwisha, akamwinamia mpiga ngoma na kumwambia maneno machache, kwa lugha yetu hii hii, kwa lafudhi ya kwao. Mama aliyasimulia nyumbani maisha yake yote: "Binti, mtazame wa mwisho. Ukimpigia yeye, umetupigia sote."

Tangu siku hiyo akapiga kwa mwendo wa mguu wa dada yake. Si kwa mwendo wa vijana, wala wa wageni. Wa dada yake. Miaka arobaini na sita, wasikilizaji, na hakuna mzee hata mmoja aliyebaki kitini.

Kisha akaja mwenyekiti mpya. Muuza vigae, mtu wa sauti kubwa na simu mbili. Alikuta kabatini mkanda wa kale, ule wa magurudumu mawili, uliorekodiwa siku aliyokuja guru. Mashine ya kuuchezea ilishakufa, akatafuta nyingine, mtumba. Akaita watu wote waje wasikie. Akabonyeza. Mkanda ukatoka mbio kama kuku aliyeona kicheche. Sauti ya guru ikasikika nyembamba, ya mtoto wa miaka minne. Mtu mmoja akathubutu kuuliza kulikoni. Mwenyekiti akajibu kwamba sauti ya mtakatifu haizeeki. Na watu wazima, wengine wana shahada zimetundikwa sebuleni, wakatikisa vichwa kukubali.

Subirini, hamjasikia bado. Pale mwisho wa wimbo, guru alipomwinamia mpiga ngoma, mashine ile ilitoa kitu kama ndege wawili wanaogombea punje. Kamati ikakaa vikao vitatu kulijadili jambo hilo. Ikaamua kwamba yale ni maneno matakatifu ya lugha ya kale. Ikayaandika kama yalivyosikika, ikawafundisha watoto. Mpaka mwezi huu watoto waliyakariri kila Alhamisi, viganja vimeunganishwa, macho yamefumbwa: chichi-tamwi, chichi-tamwi. Mimi nilipoambiwa sikucheka, maana kuna msiba. Uongo mtupu. Nilicheka mpaka nikatoka nje ya studio.

Mama alikuwa na haki ya kucheka kuliko mimi, lakini hakucheka. Alisimama mbele ya watu akasema, "Hiyo mashine inakimbia. Ina swichi ya mwendo, na imewekwa juu. Mimi nilikuwepo siku ile. Ngoma mnayoisikia ni yangu."

Mwenyekiti akamtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu asiyejua kitu. "Mama, tunakuheshimu sana," akasema. "Lakini wewe ni fundi cherehani."

Ukumbi ukacheka.

Nasema tena ili isipotee: mtu pekee mle ndani aliyejua mashine, na mtu pekee aliyeipiga ngoma ile, aliambiwa hajui mashine wala ngoma. Kamati ikaamuru watu wacheze kwa mwendo wa mkanda. Ikaleta kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake. Mama akaambiwa apumzike, mikono imechoka. Ile Alhamisi ya kwanza, mzunguko mpya ulimwangusha dada yake chini, puu, mbele ya picha ya guru. Hakuna aliyesimama kumwinua ila mdogo wake, maana wengine wasingeweza kusimama bila kukanyagwa. Tangu hapo wote wawili wakakaa kwenye viti vya ukutani. Wakafuatwa na mama mwingine mzee, na mwingine, mpaka ukuta ukajaa. Katikati wakabaki vijana, wakihema, na simu zinawapiga picha.

Miaka tisa. Na kila Alhamisi alikwenda. Bintiye alimuuliza kwa nini habishani tena na wale watu. Mama, huku mkono uko ndani ya cherehani cha mtu, akamjibu: "Mwanangu, ukimkimbilia anayekimbia, mpita njia hatajua nani kaanza."

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyojichongea mwenyewe. Kamati hiyo hiyo, pamoja na karatasi zake nne, ilituletea ule mkanda, eti upambe kipindi. Fundi mitambo wetu ni mtu wa maneno mawili kwa siku. Aliuweka kwenye mashine yetu ya zamani, kwa mwendo ulioandikwa kwenye boksi na mwenyekiti kwa wino mwekundu. Akasikiliza kidogo tu. "Inakimbia hii," akasema, na akaishusha swichi.

Wasikilizaji wapendwa, ikatoka sauti ya mzee, nzito, imetulia. Ikatoka ngoma ya pole. Nyuma ya miguu yote unausikia mguu mmoja unaburuta sakafuni, na ngoma inausubiri. Kisha wimbo unakwisha, na mzee anasema, wazi kama mimi ninavyosema nanyi: "Binti, mtazame wa mwisho. Ukimpigia yeye, umetupigia sote." Hiyo ndiyo chichi-tamwi. Hiyo ndiyo lugha yao ya kale.

Tulimwita bintiye studio. Alisikiliza amesimama, mkoba begani, macho makavu. Tukamchezea mara ya pili. Akasema, "Hata sisi watoto wake tulidhani anajitungia." Hapo ndipo alipolia.

Nikampigia mwenyekiti simu, nikamweleza. Aliniomba nirudie, nikarudia. Nikadhani aibu imempata, nikaanza hata kumwonea huruma. Kisha akasema, "Sawa, lakini watu wameshazoea." Akaniomba mkanda nisiurushe hewani. Nilimwambia nitafikiria, na nimefikiria: mtausikia wote, mara tu nikimaliza kusema.

Alhamisi iliyopita waumini walikutana kumwombea marehemu. Bintiye aliingia na ile dholaki, akakaa chini pale alipokuwa akikaa mama, akaanza kupiga pole. Vijana wakajikwaa. Mbio huficha mengi, bali mwendo wa pole hauufichi mguu usiojua unakokwenda. Huko ukutani, mama mmoja alishika mgongo wa kiti akainuka. Akafuata mwingine. Wa mwisho kuinuka alikuwa dada mkubwa, miaka themanini na moja, nyonga ile ile. Wakazunguka wote. Na mwenyekiti, nisikilizeni vizuri, mwenyekiti alichukua kipaza sauti akatangaza kwamba huu ni mtindo mpya, umeletwa na kamati. Mtu wa aina hiyo hata umtukane vipi, tusi linamkimbia kwa kuona haya.

Tunawapa pole watoto wa marehemu na wajukuu wake. Tunawapa pole wateja wake, ambao vyerehani vyao sasa vitaguswa na watu wasio na masikio. Kwa kamati sina pole, nina karatasi zao nne, waje wazichukue mapokezini. Na wewe unayenisikiliza, kabla ya kulala leo, jiulize ni nani amekaa ukutani kwa sababu ya mwendo wako, na ni nani alikwambia unakimbia, ukamjibu kwamba yeye si lolote.

Pole ya mwisho ni ya dada mkubwa. Nilimkuta mlangoni baada ya maombi, anatafuta viatu vyake. Nikamwambia, shikamoo bibi, nimefurahi kukuona umecheza. Aliitikia marahaba, akavaa kiatu kimoja, akapumzika kidogo. "Nimecheza, mwanangu," akaniambia. "Lakini kila nikiinua macho, hakuna anayenitazama miguu."