Murhula Hakutaka Poda

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, hapa Cyangugu, pembeni mwa barabara inayoteremka mpakani. Ukikaa upande wa kushoto unaiona Bukavu imelala ng'ambo ya maji, ndiyo maana kila asubuhi tunagombania upande wa kushoto. Tulikulia kule, na kule tuliacha meno ya utoto, viatu vya kwanza na nusu ya akili. Anayewahi ni Flash. Wazazi walimwita Muhigirwa, lakini alikuwa na studio ya picha Kadutu, mtaa wa kule Bukavu, na hadi leo anakutazama kwa jicho moja kama anayetafuta pa kubonyeza. Anayefuata ni Bruno, tunamwita Docteur kwa sababu ujanani aliwahi kufagia duka la dawa, na tangu hapo hakuna ugonjwa asioufahamu. Kisha Kamali, fundi wa mashua, mtu wa kucheka kabla kichekesho hakijaisha. Mimi niliwahi kuchekesha watu jukwaani, na hapa kazi yangu ni kutia chumvi. Kahawa tunamiminiwa na Maman Feza, anayevuka kutoka Bukavu na termosi zake na mdomo unaotosha soko zima.

Jumamosi ile Kamali alikuja amevaa suti na hacheki. Akakaa upande wa kulia bila kumsukuma mtu. Tukaangaliana. Huo ulikuwa msiba.

Docteur: Kamali, nani amekufa?

Kamali: Hakuna muntu amekufa. Ni Mukundwa, mutoto wangu. Amejifungia mu chumba tangu jana. Hataki kwenda ku arusi.

Flash: Arusi ya binti ya dada yako? Si ni leo?

Kamali: Ni leo. Gari iko inangoja kule juu. Na yeye alikuwa abebe agaseke.

Kwa asiyezijua arusi za huku: agaseke ni kile kikapu chenye mfuniko uliochongoka, na wasichana wanaokibeba ndio wanaotembea mbele ya bibi arusi, ukumbi wote umewakodolea macho. Msichana wa miaka kumi na mitano akishachaguliwa kubeba agaseke, huanza kutembea vile hata akienda kumwaga takataka. Mukundwa tulimwona wiki nzima akipita hapa na bakuli la plastiki kichwani, shingo imenyooka, anajizoeza.

Docteur: Sasa juu ya nini anakataa?

Kamali: Ule tantine wa kusimamia arusi, Mukagasana, njo anapanga mabinti. Amebapanga mustari, bale baangavu mbele. Kufika kwa Mukundwa akasema, weye utasaidia ku masahani, kule nyuma. Juu ya picha. Ati atazimisha picha.

Feza: Atazimisha picha! Mutoto ni swichi?

Kamali: Basi mutoto akatafuta pomade ile ya kutakatisha ngozi. Akapaka mingi, haraka, arusi isimukute vile. Sasa uso unabambuka. Bibi yangu, mama yake, amelia, miye nimegombeza, yeye anatuangalia tu. Mashua ikibambuka najua cha kufanya. Uso wa mutoto sijui.

Maman Feza akamjazia kikombe bila kuulizwa, na Docteur akajikohoza. Docteur akijikohoza, ujue utambuzi wa ugonjwa unakuja.

Docteur: Nilijua. Ni telefone. Telefone ya siku hizi inakuosha uso, inakupunguza pua, inakupa macho ya mbuzi. Mutoto anajiona mule mweupe. Akirudi ku kioo anakuta muntu mwingine. Anashituka!

Hilo tungelikubali. Lakini Docteur hajawahi kuliacha wazo zuri likae peke yake.

Docteur: Na ngoja. Kuna mahema. Zamani arusi ilikuwa chini ya majani ya migomba. Yote kijani! Muntu mweusi mbele ya kijani anang'ara kama bilinganya iliyopakwa mafuta. Leo hema nyeupe, viti vyeupe, ata masahani meupe. Mutoto wa batu atasimama wapi?

Flash: Hapo, miye muntu wa picha, nakuunga mukono kidogo.

Docteur: Kidogo? Basi sikia ya tatu. Ni gazi. Gazi ya mu ziwa. Zamani ilikuwa imelala kule chini, mupole, inatunza ngozi za batu. Sasa banaisumbua, banaivuta kufanya umeme, nayo imekasirika, inapanda juu inatafuta pa kushika...

Feza: Docteur, kunywa kahawa yako. Inapoa, na weye unapoa.

Tulicheka, isipokuwa mwenye mtoto. Maman Feza akaweka termosi chini, akajishika kiuno, na mimi niliyekaa jukwaani miaka mingi najua mtu akijishika kiuno vile, kuna maneno yanakuja na yana njaa.

Feza: Gazi. Mahema. Na ninyi bapapa? Tangu ule mutoto anatambaa, hapa ku kijiwe munamwita nani?

Jina tulilijua. Tulimwita Makala. Makala kuya hapa, Makala msalimie mama, Makala amekuwa mrefu. Hata juzi, na bakuli lake kichwani, tulimpigia makofi: Makala, hoyee!

Docteur: Lakini lile ni jina ya mapendo, Maman Feza!

Feza: Mapendo. Na bibi yako, Docteur, yeye ni inzobe, ule mwekundu wa kupendeza. Unamwita nani?

Docteur: Bibi yangu?

Feza: Bibi yako.

Docteur: Asali.

Feza: Eee. Mumoja asali, mwingine makala. Mapendo ya ajabu hii.

Docteur akageukia ziwa kama anayeangalia mvua itatoka wapi. Aliyetuokoa ni Flash, kwa sauti ya chini, ile anayoitumia akizungumzia studio yake.

Flash: Kamali, ulimuelezaka mutoto habari ya Murhula?

Kamali: Murhula...

Basi. Wote tukageuza shingo upande wa kushoto kwa pamoja. Mjini kule kulikuwa na asubuhi kama ya kwetu, mabati yanang'aa, moshi wa jikoni unapanda, lakini sisi tulikuwa tumeshafika Jumapili moja ya zamani, saa za matinée, dansi ya mchana, kwenye ukumbi wa parokia. Sakafu imepakwa nta ya mishumaa ili viatu viteleze. Vijana wananukia mafuta ya nywele kutoka mtaa wa pili. Gita linalia kwenye sahani ya santuri yenye mikwaruzo, na pale inaporuka, wachezaji nao wanaruka, wameshazoea.

Flash: Murhula wa Kadutu. Usimwite muntu mweusi kama hukumuona ule. Mweusi wa kuiva, kutoka ku kipaji mupaka ku kisigino.

Docteur: Na meno! Akicheka mu Kadutu, batu ba Nyawera banageuka.

Kamali: Robe ya manjano.

Flash: Robe ya manjano! Njo alivaa siku ile ya picha.

Kamali akatabasamu. Mara ya kwanza asubuhi ile.

Flash: Munajua, ku mulango ya studio nilikuwa na kopo ya poda. Kila muntu, mbele ya picha, lazima poda. Bwana arusi, bibi arusi, mutoto wa komunyo, ata padri mumoja. Batu balitaka kutoka baangavu. Balitoka kama mandazi mabichi, lakini balifurahi. Siku moja Murhula akakuya. Nikafungula kopo. Akauliza: hiyo ni ya nini? Nikamwambia, maman, ni juu ya taa, taa yangu ni kidogo. Akaniangalia vizuri. Akasema: taa yako njo kidogo, na uso wangu njo upakwe? Ongeza taa.

Feza: Huyo alikuwa mwanamuke.

Flash: Nikaongeza! Nikaazima lampe kwa kinyozi, nyingine kwa fundi cherehani. Haikutosha. Tukaleta kinga, baiskeli ya Docteur, tukaigeuza magurudumu juu.

Docteur: Nilizungusha pedali kwa mukono ili dinamo iwake! Nikipunguza, Flash analia: kivuli, kivuli! Bega iliniuma wiki nzima. Na nilifurahi, bandugu. Ningezungusha mupaka Noeli.

Kamali: Miye nilishika kioo cha kurudisha mwangaza. Nikakishika vibaya, nikamumulika Flash ku macho.

Flash: Ile picha niliitia mu vitrine, ku kioo ya mbele ya studio. Batu balitoka ata mutaa ya Nguba kukuya kuiangalia. Banasimama, banaangalia, hawanunui kintu. Tangu ile sijapiga picha ingine kama ile. Uso ulikuwa unawaka wenyewe.

Tukakaa hivyo, kila mtu na Murhula wake. Docteur mkono wake wa kulia ulikuwa unazunguka polepole juu ya goti, nadhani hakujua.

Hatukumwona Mukundwa alipofika. Maman Feza alimwona, lakini alinyamaza, naye si mtu wa kunyamaza. Mtoto alikuwa nyuma ya ubao, amejitanda kitenge kichwani na kukishika chini ya kidevu, yanaonekana macho tu na shavu moja lenye mabaka mekundu. Mama yake alikuwa amemtuma. Mtoto alikuwa amesikia kuanzia wapi, sijui. Alikuwa amesikia.

Docteur: Eh! Mak... Mukundwa! Binti yetu, umesikia? Mwanamuke alikataa poda, muji mzima ukasimama!

Flash: Ukasimama kabisa.

Kamali: Mweusi kama weye, mama. Ata kukupita. Bavijana bote ba Kadutu balikuwa banakufa juu yake.

Docteur: Miye nilikufa mbili!

Na wallahi maneno yalifika. Mabega ya mtoto yalishuka, shingo ikanyooka, ile ya bakuli la plastiki. Mkono unaoshika kitenge ukalegea kidogo. Kamali aliona, akasogea akampa nafasi kwenye ubao. Lakini Mukundwa hakukaa. Aliuliza kama mtoto anayeulizia mwisho wa hadithi, bila ubaya wowote, anataka tu kujua.

Mukundwa: Na njo nani alimuoa?

Kamali akamgeukia Flash, tabasamu bado liko usoni.

Kamali: Flash, mwambie.

Flash: Nimwambie nini?

Kamali: Si weye ulimuoa? Miye tangu siku zote nilifikiri mulioana, kisha mukaachana.

Flash: Miye? Hapana. Miye nilifikiri ni Docteur, mbele ya Asali. Si njo alikuwa anamusindikiza?

Docteur: Nilimusindikiza siku moja, mvua ilikuwa inanyesha. Bibi yangu munamujua, nilimuoa ule mwaka. Nilifikiri Kamali alianza na yeye. Njo alikuwa analilia ile robe ya manjano.

Kamali: Miye nilimuoa mama ya...

Mke wake tunamjua, mji mzima unamjua, ukimtaja jina watu wanataja kwanza ngozi yake ya inzobe. Na wa Flash vilevile. Wakanigeukia mimi, lakini mimi siku zile nilikuwa mtoto wa kubeba viti ukumbini.

Flash: Labda alikwenda Uvira.

Docteur: Labda.

Flash: Alikuwa na shangazi Uvira.

Docteur: Alikuwa na shangazi?

Flash: Sijui.

Walijua rangi ya gauni. Walijua taa iliazimwa kwa nani. Tabasamu la Kamali lilikuwa bado pale, limesahauliwa usoni.

Mukundwa: Aa.

Akavuta kitenge, akakishika tena chini ya kidevu.

Mukundwa: Papa, mama anasema gari inaondoka. Miye nitabakia nyumbani.

Akaanza kupanda njia. Maman Feza akamwangalia Kamali, kisha sisi wengine.

Kamali: Mukundwa! Ngoja.

Alisimama. Akageuka, uso wake umetuelekea. Kamali alikuwa ameshainuka na kinywa kiko wazi, sisi nyuma yake tunamtazama, tukiomba apate lolote la kusema. Kule juu gari likapiga honi. Likapiga tena. Na mtoto kweli alikuwa anangoja.