Simu Yampima Luhende

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Bariadi: mabenchi mawili, birika la kahawa la Mabula, na wataalamu wa kila kitu isipokuwa kazi. Siku hiyo Luhende, bingwa wetu wa drafti kwa miaka tisa, alikuwa anapambana na Athanasi fundi redio. Atakayeshinda ndiye angetuwakilisha Jumamosi kule Lamadi, kwa wauza samaki waliotucheka mwaka jana. Vizibo vya soda tunavyochezea vilibaki vinne kwa vinne. Tukabishana nani anaongoza, mpaka Danford, tunayemwita Injinia kwa sababu hakosi bando, akavipanga vile vile kwenye drafti ya simu yake. Simu ikajibu papo hapo: Athanasi anashinda. Luhende alinyong'onyea, na mimi roho iliniuma.

LUHENDE: Vinne kwa vinne! Anashindaje?

INJINIA: Simu haihesabu tu, inathamini. Peleka ng'ombe wa mahari, mtamba mwenye mimba na dume kilema. Ni wawili, lakini mkwe atakubali? Kile kizibo chako cha pembeni ni kilema.

Mzee Mizani, mpima pamba mstaafu, akaguna.

MIZANI: Mbona imejibu upesi hivyo? Haraka haraka haina baraka.

INJINIA: Imekumbuka, mzee. Ikishapiga hesabu ya mpangilio fulani, inaweka jibu ghalani. Uje Bariadi kwa njia ya Maswa, uje kwa Lamadi, ukishuka stendi ni stendi ile ile. Ihesabu tena ya nini?

MIZANI: Ahaa! Mkulima mmoja, walaji wengi.

MABULA: Basi kuna mtu alishaucheza mchezo huu. Ni wale wa Lamadi! Wametuwekea majibu humo.

MIZANI: Au babu yake Luhende. Mizimu nayo inatunza kumbukumbu, tena bila bando.

INJINIA: Mbona hata mechi ya Jumamosi imo! Tumeshaenda, tumeshafungwa, tunatafuta usafiri wa kurudi.

Luhende hakucheka. Alimpa Athanasi mkono.

LUHENDE: Nenda wewe. Chombo kimesema.

Hapo akafika Monika muuza karanga, na beseni lake kichwani, akatusalimia kwa Kisukuma.

MONIKA: Mwadila.

MABULA: Mwadila, mayu. Pole, bingwa wetu kashindwa.

Monika akavitazama vizibo.

MONIKA: Kwani ilikuwa zamu ya nani?

Athanasi akamtazama Luhende. Luhende akamtazama Athanasi. Sisi tukamtazama Injinia.

MIZANI: Simu haikuuliza?

INJINIA: Iliuliza.

MIZANI: Ukasemaje?

INJINIA: Nilibonyeza tu, ya kwanza niliyoiona.

Akabonyeza upande wa pili. Simu, upesi vile vile: Luhende anashinda.

LUHENDE: Athanasi, ndugu yangu, kumbuka vizuri. Ilikuwa zamu yangu, siyo?

ATHANASI: Haki ya Mungu, Luhende, sikumbuki.