Gunia ya Mbegu ya Kanisa

MIRIAMU: Haloo? Papa?

MUSONI: Ni nani huyo? Sema nguvu, huku kambi ya Nakivale rezo ya simu inakuja na upepo tu.

MIRIAMU: Ni mimi, Miriamu. Niko hapa Ruharo, kwa hospitali. Papa, sikia—

MUSONI: Miriamu mwanangu! Umeamuka? Umekula? Apana, sikia wewe kwanza, unite yako ya kupiga simu ni kidogo. Ambia mama yako nimekubali. Amenishinda. Miaka makumi ine ananishinda, na leo tena.

MIRIAMU: Umekubali nini?

MUSONI: Gunia ya mbegu! Ile maharagi kanisa iliniachia nichunge. Naifungua leo. Si muganga alisema dawa haitamusaidia mama yako na tumbo tupu? Napika, naweka mu kopo, nampa dereva wa taksi pale Rwekubo. Saa munane iko kwako.

MIRIAMU: Papa—

MUSONI: Ngoja. Tangu posho ya chakula ya kambi ilikatwa analia, Musoni, toa hata kikombe moja, bandugu batakusamehe. Mi nasema apana! Mi ni wakili wa mali ya kanisa. Kila nyumba ilileta sehemu yake ku mavuno, Muchungaji Yonatani akaniwekea mikono mbele ya bote. Mutu hakuli kitu ya Mungu. Nikashona mudomo ya gunia na uzi ya viatu, nisijaribiwe.

MIRIAMU: Mama alisema hata muianike tu, isiharibike. Ku jua.

MUSONI: Na kuianika si ni kuifungua? Ukiona maharagi na njaa iko, mukono inaenda yenyewe. [anacheka] Naijua hii yangu. Kisu iko wapi... usikate simu.

MIRIAMU: Acha gunia, Papa. Kaa chini kwanza.

MUSONI: Niko nakata uzi. Yeye anapenda chumvi mingi, nitatia mingi, leo sitamugombeza— [rezo inakwaruza] Eh.

MIRIAMU: Nini?

MUSONI: Apana. Ni ya juu tu. Ya chini itakuwa muzuri.

MIRIAMU: Papa?

MUSONI: Unga, Miriamu. Unga na badudu. Nimetia mukono mupaka ku kiwiko... yote iko na matundu. Nyumba makumi mbili na moja, na mvua iko ku mulango. Batapanda nini? Nilichunga! Sikugusa hata moja!

MIRIAMU: Najua, Papa.

MUSONI: Nitachagua. Kikombe moja haiwezi kukosa. Namupikia hiyo—

MIRIAMU: Usitume.

MUSONI: Sasa atakula nini?

MIRIAMU: Kuja na kitenge yake ya Noeli. Na uite Muchungaji, mukuje naye.

MUSONI: Kitenge? Anasikia baridi?

MIRIAMU: Hasikii kitu tena, Papa. Tangu alfajiri.

MUSONI: [rezo inakwaruza]

MIRIAMU: Papa? Uko?

MUSONI: Niko. Alikuwa... aliuliza juu ya mbegu?

MIRIAMU: Aliuliza kama wewe umekula.

MUSONI: Miriamu. Umwambie—

MIRIAMU: Papa, unite inaisha, kaa na Muchungaji, usikae peke—

MUSONI: Umwambie nimeifungua. Haloo? Miriamu? Umwambie nimeifungua.