Neno Lililomezwa na Honi

Redio ya basi ilifikia habari ambayo mama mmoja, mpiga pasi wa kwa dobi, alikuwa akiisubiri tangu alfajiri. Mwanawe wa pekee, kinyozi, angetimiza miaka ishirini na mitano mwezi ujao, na muswada wa kurudisha jeshi la lazima uliwataka wale ambao hawajatimiza. "Muswada huo ume..." alisema mtangazaji. Dereva akapiga honi, na kilichosalia kikawa "...ishwa."

"Umepitishwa!" alishangilia sajini mstaafu aliyeketi kando ya mama. "Sasa jeshi litawanyoosha vijana hawa."

"Wangu nimemnyoosha mwenyewe, afande, na sikuhitaji bunduki," alijibu mama. "Nchi ina adui gani hata vinyozi waitwe?"

"Adui habishi hodi, dada."

"Wewe uliyekaa kambini miaka thelathini, ulimwona?"

Sajini alikohoa. Miaka yote hiyo alikuwa mtunza stoo ya mablanketi.

Mtangazaji akarudia muhtasari: muswada umeahirishwa hadi mwakani. Mwakani kinyozi atakuwa ameshavuka umri. Mama alishusha pumzi ndefu hata abiria wa mbele akageuka kuona nani amefungua dirisha.

"Umeahirishwa tu, haujafutwa," sajini alionya.

"Hata kifo tumeahirishiwa tu, afande, na bado tunachana nywele."

Basi likasimama. Mama alikuwa amepitiliza vituo viwili. Akashuka, akarudi kwa miguu bila kumtukana dereva, jambo ambalo majirani zake wasingelisadiki bila mashahidi.