Tambi kwa Ugali, na Figo ya Atieno

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wembamba, asifiwe na wanene, na asifiwe hasa na sisi tuliokaa miaka mingi tukisema hatujui tuko upande gani.

Mimi nilikuwa mnene. Naomba niliseme hilo kwanza, kwa sababu ndilo nililolikana kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote maishani mwangu. Nilisema nina mifupa mizito. Nilisema ni urithi wa upande wa baba. Sketi ziliponibana nililaumu sabuni, kwamba inafanya kitambaa kirudi. Nimesoma chuo kikuu, ninafundisha watu wazima kupima hoja na ushahidi, na bado nilikuwa nikipanda kile kilima cha kwenda chuoni hapa Kericho nikisimama mara kwa mara kujifanya ninasoma mabango. Hakuna ploti iliyouzwa mji huu ambayo sikuijua.

Tungeendelea hivyo, mimi na mabango yangu, kama mdogo wangu Atieno hangeugua.

Atieno ni kitinda mimba wetu. Baba alitoka kando ya ziwa akaja kufanya kazi katika kiwanda cha majani chai, nasi tukazaliwa huku, kwenye nyumba za kampuni, tukajua Kikipsigis cha michezoni kabla ya kukimudu Kijaluo cha nyumbani. Mama alipofariki, Atieno alikuwa bado mtoto wa kubebwa. Nilimbeba mimi. Alipokua alifungua duka la nguo za watoto kule Mogogosiek, na alikuwa akiliendesha vizuri mpaka figo zake zilipokataa kazi. Tangu hapo anasafishwa damu kwa mashine kila wiki. Akitoka hospitali hulala kwangu mpaka apate nguvu za kurudi kwake.

Siku walipotuambia kwamba ndugu wa damu anaweza kumpa figo moja, sikungoja wamalize kueleza. Nilisimama nikasema, "Chukueni yangu!" Nilijiona kama mtu wa Agano la Kale. Tukapimwa, damu zikapatana, nikalia kwa furaha. Kisha muuguzi wa kitengo cha figo, mama mpole sana, akaniomba nipande mizani. Akatazama mizani, akanitazama mimi, akarudi kutazama mizani.

"Mama," akasema, "moyo wako tumeuona, ni mzuri. Sasa mwili upungue kwanza. Kwa uzito huu na presha hii, tutakuumiza wewe ndio tumsaidie yeye. Hatufanyi hivyo."

Ndugu zangu, hapo ndipo chakula cha Wachina kinapoingia katika ushuhuda huu.

Nilipeleka shida yangu kwa akina mama wa ushirika. Mwenyekiti wetu, Mama Chepkorir, mnamjua. Hasemi sana, lakini akisema ni hukumu.

"Mwalimu," akaniuliza, "wewe umewahi kuona Mchina mnene?"

Tukafikiri, sote. Wachina tuliowajua ni wale waliokuja kutengeneza barabara, na wale walikuwa wanaume wembamba waliovaa kofia pana na kuruka mitaro kama swara. Hakuna aliyemkumbuka mnene hata mmoja.

"Basi," akasema Mama Chepkorir. "Kula chakula chao."

Mwanafunzi wangu akiniletea hoja ya namna hiyo, namwangusha. Mimi nilisema amina.

Mjini kuna mkahawa wa Kichina wa mume na mke. Nikawa mteja. Nilipenda tambi zao za kukaanga, wali wa kukaanga wenye mayai, na zaidi ya vyote vile vipande vya nguruwe vyekundu vinavyong'aa, vitamu kama peremende. Nilivibeba nyumbani nikifurahi kwamba mateso ya kupunguza mwili si mabaya hivyo. Na nikifika nyumbani nilifanya jambo ambalo sikuliona kuwa jambo. Nilisonga ugali.

Msinicheke. Kwetu, na kwenu pia msijifanye, chakula ni ugali. Kitu kingine chochote kikiwekwa kando yake, hata omena, dagaa wetu wa ziwani, ni mboga. Mtu akila wali peke yake akalala, ataamka akisema jana hakula. Kwa hivyo zile tambi na ule wali vilikuwa mboga yangu, na ugali ulikaa katikati ya sahani mahali pake pa siku zote.

Nikarudi hospitali nikiwa na matumaini. Mizani ilikuwa imepanda. Yule muuguzi hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Aliandika tu, akanishika bega. Atieno alikuwa ameketi kwenye benchi, ameliona lile bega likishikwa.

Nilimwambia Mama Chepkorir kwamba Wachina wametudanganya.

"Labda wale wa barabara walikuwa wanafunga," akajibu.

Nami, badala ya kuongeza akili, niliongeza imani na kuendelea vilevile.

Sasa sikieni. Jumamosi moja mchana Atieno alikuwa kwangu. Alitoka chumbani polepole akishika ukuta, akanikuta mezani.

"Dada, hiyo ni nini?"

"Chakula cha kupunguza mwili."

"Na huo mlima?"

"Ugali kidogo tu."

Akasogea karibu. Akaniona nikikata tonge, nikilibonyeza kwa kidole gumba, nikizoa tambi nalo.

"Ai! Dada! Unakula tambi kwa ugali? Kwani ni omena?"

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, mpaka akaketi chini kwenye zulia. Nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu augue, na kwa dakika hiyo ningekula tambi kwa ugali mbele ya taifa zima ili nikisikie tena. Kisha kikabadilika. Mnajua vile kicheko kinavyoweza kuvuka mpaka bila kupiga hodi. Akafuta macho, akasema kwa sauti ndogo:

"Dada, kama unaogopa kunipa, niambie tu. Sitakasirika. Wewe ulishanilea. Hiyo inatosha."

Ndugu zangu! Nilikuwa na tonge mkononi. Kumbe miezi hiyo yote, kila mizani iliponikataa, yeye alisikia mimi ndiye ninayekataa. Kila tonge nililomeza lilikuwa hapana, na alikuwa akizipokea hizo hapana kimya kimya, bila kinyongo, huku akinishukuru kwa kumlea!

Na je, nilikuwa naogopa? Mbele ya Mungu, ndiyo. Naogopa kisu mpaka sindano ya malaria ilikuwa inanitoa machozi. Unene ulikuwa umenipa nafasi nzuri sana: ya kujitolea bila kutoa. Nilisifiwa kama dada shujaa na wala hakuna aliyenigusa.

Niliketi naye pale chini, jambo ambalo kwa mwili wangu lilihitaji mipango. Nikamshika kwa mkono wenye ugali. Nikamwambia, "Naogopa sana. Na nataka kukupa. Yote mawili ni kweli." Kisha nikaomba, na sikuomba kwa Kiswahili changu cha mimbarini. Nilisema, "Baba, niondolee huu uongo, hata kama utatoka na kilo zake." Wengine huwekwa huru kwa kuanguka na kupiga kelele. Mimi niliwekwa huru nikiwa nimeketi kwenye zulia, mdogo wangu akinifuta mchuzi kwenye shavu.

Jumatatu yake tulienda pamoja kwenye ule mkahawa, saa ya chakula cha mchana. Nilitaka kuwaomba wanipikie kitu chepesi. Lakini hatukuhitaji kuuliza sana, maana mwenye mkahawa na mkewe walikuwa wenyewe wakila, pale meza ya pembeni. Tukatazama. Samaki mzima wa mvuke, mwenye tangawizi na majani ya vitunguu. Bakuli kubwa la mboga za majani, kijani kibichi. Supu nyepesi. Tofu, ile kama jibini la soya. Na wali mweupe katika vibakuli ambavyo kwetu ni vya kuwekea chumvi. Ile nyama nyekundu ya peremende haikuwepo. Tambi za mafuta hazikuwepo.

"Hicho," Atieno akaninong'oneza. "Hicho ndicho nataka ule."

Nikaagiza hicho. Nitawaambia ukweli: yule samaki, kwa mtu wa ziwa aliyezoea mchuzi mzito wa nyanya, alionekana kama amepikiwa mgonjwa. Kisha nikaonja. Nikaomba msamaha kimoyomoyo kwa taifa zima la China. Atieno alikuwa amekatazwa vingi vya mezani pale, hasa ile sosi nyeusi yenye chumvi nyingi, kwa hivyo alikunywa maji yake ya kipimo na kunitazama nikila, kama mzazi anayetazama mtoto akimaliza dawa.

Mtaalamu wa lishe pale hospitali naye alikubali. Kibakuli kimoja cha wali, bila ugali juu yake. Mboga zijaze nusu ya sahani. Sosi nyeusi itiwe kama manukato, kwa ajili ya presha. Vya kukaanga na vyenye sukari viachwe. Kwa hivyo mkiniuliza kama chakula cha Kichina kinafaa kwa mtu anayepunguza mwili, jibu langu ni ndiyo, kikiliwa vile Wachina wale wawili walivyokila, na sivyo nilivyokifanyia mimi.

Nikajifunza nyumbani. Sukuma wiki naikata mapana, naigeuza haraka kwenye mafuta kidogo na kitunguu saumu, naitoa ingali inalia menoni. Samaki nampika kwa mvuke juu ya sufuria. Jioni natembea katikati ya majani chai. Njaa ilikuwepo, sitawadanganya. Kuna jioni niliota ugali ukiniita kwa jina langu la ubatizo.

Gumu zaidi lilikuwa nyumba za watu. Huku kwetu hutoki kwa mtu bila chai ya maziwa na kitu cha kutafuna, na ukikataa umemtukana. Nilipofika kwa Mama Chepkorir nikamwambia ukweli wote, hata ule wa kuogopa. Wiki iliyofuata, kwenye ushirika, kulikuwa na chupa ndogo ya chai ya rangi, haina sukari, imewekwa mbele ya kiti changu. Na hakuna mama aliyekunywa chai ya maziwa siku hiyo. Wote walikunywa ya rangi, wakikunja nyuso, kwa ajili yangu na Atieno. Bwana awabariki, na awasamehe zile nyuso.

Mwili ukaanza kushuka. Taratibu, kisha ukasimama, kisha ukashuka tena. Presha ikafuata. Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi, nawashukuru wale mume na mke ambao hawajui walinihubiria wakitafuna.

Wengi hungoja mpaka mwisho uwe mzuri ndipo washuhudie. Mimi nimekuja kabla. Bado sijalala kwenye kitanda cha upasuaji, na bado naogopa sindano. Lakini nawaomba, ndugu zangu: kama kuna jambo umelikana miaka mingi, mwachie Mungu alitaje. Hana haraka ya kukuaibisha. Atakutumia mtu anayekupenda, na huyo mtu anaweza kuanza kwa kukucheka.

Niwaambie ile simu, kisha niketi. Nilikuwa darasani wiki iliyopita, Atieno akapiga. Yeye hapigi mchana.

"Dada, uko na watu?"

"Niko na wanafunzi."

"Toka nje."

Nikatoka.

"Wamenipigia," akasema. "Wamekupitisha. Uzito, presha, kila kitu. Wametupa siku." Nilikosa sauti, naye akadhani nimenyamaza kwa sababu nyingine. "Dada, hata sasa unaweza kusema hapana. Kweli. Hata sasa..."

"Atieno," nikamwambia, "nyamaza, uniambie nije na nguo gani."

Nikamsikia akivuta pua.

"Gauni la kufunguka mbele," akasema. "Na malapa."